Flopi Haipo, Siri Tutaiweka Wapi?

Huenda baadhi yenu mkashangaa kukuta makala ya kompyuta katika jarida la Chama cha Kiswahili. Wapo wenzetu wanaoamini kwamba Kiswahili ni cha ngano, methali na ngonjera, na kwamba mambo ya mashine yana wenyewe. Mimi nimejaribu kuyaeleza hapa kwa Kiswahili, tena bila ya kukimbilia lugha ya watu. Mkinielewa, tutakuwa tumeushinda ule mdahalo wa muhula uliopita. Msiponielewa, mlaumuni mhariri aliyenipa kurasa nyingi kiasi hiki.

Habari yenyewe ni ya mfumo endeshi mmoja wa zamani uitwao Tinfoil Hat Linux, na jinsi tulivyouamsha katika kompyuta ya maabara yetu hapa kisiwani Lamu, ilhali kompyuta hiyo haikuwa na flopi inayofanya kazi. Mfumo endeshi ndio nahodha wa kompyuta. Bila yeye mashine ni jahazi lililopwelewa: mlingoti upo, tanga lipo, lakini haliendi popote. Wengi wetu tunamjua nahodha mmoja tu, yule wa madirisha. Kumbe wako wengi, na mmoja wao aliumbwa makusudi ili asikumbuke safari.

Kabla ya kuingia katika mitambo, nieleze kilichotupeleka huko, kwani hatukuanza kwa mchezo. Familia yetu ina shamba la minazi upande wa bara, urithi wa marehemu babu. Kila asomaye jarida hili anajua maana ya ardhi katika kaunti yetu. Mradi wa bandari ulizinduliwa Magogoni mnamo Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2014, serikali ilitangaza kuzifuta hati za kampuni 22 zilizokuwa zimepewa karibu ekari 500,000 za Lamu. Kwa hivyo mtu akiulizwa habari za shamba lake siku hizi, kwanza hutazama nyuma kabla ya kujibu.

Basi mwaka 2023 baba mdogo alikwenda katika duka moja la kompyuta, jina silitaji, akapigisha picha karatasi za shamba ili zitumwe kwa wakili Mombasa. Akalipa, akashukuru, akarudi na karatasi zake mkononi. Juma halikupita, dalali asiyemjua akampigia simu. Akamtajia nambari ya shamba, ukubwa wake, na majina ya warithi kwa mpangilio uleule ulioandikwa. "Mzee, sisi tuko tayari kununua," ati. Baba mdogo hakulala usiku ule. Karatasi zilikuwa zimerudi nyumbani, lakini picha zake zilibaki kule, katika uso wa kompyuta inayotumiwa na kila apitaye.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Hakuna aliyevunja mlango. Hakuna aliyedaka barua njiani. Siri ilitoka kwa sababu iliachwa.

Sasa ilikuwa lazima familia ifanye kikao, na uamuzi wa kikao umfikie ami yetu aishiye Muscat, ambaye naye ni mrithi. Ami alikuja Maulidi ya mwaka huohuo, katika Mfungo Sita, lakini kikao chenyewe hakikuweza kukaa mpaka shangazi watoke Faza, na walipotoka ami alikwisha rudi kazini. Barua ingepaswa kuandikwa. Baba mdogo akaapa kuwa haiandiki katika kompyuta ya mtu. Simu ya nyumbani nayo ni moja, inashikwa na watoto watano wakigombania michezo, na kila picha inayopigwa huonekana na kila mgeni anayeonyeshwa picha za harusi.

Nikamwendea mwalimu wetu wa kompyuta. Hakunicheka. Alifungua kabati, akatoa diski yake ya kumbukumbu za zamani, akasema, "Ninacho kitu cha mwaka 2002. Kitakufaa, ila kitakusumbua." Alisema kweli kwa yote mawili.

Tinfoil Hat Linux ilitolewa mnamo Februari 2002 na kikundi cha wataalamu wa usalama wa kompyuta kiitwacho The Shmoo Group. Jina lake ni mzaha: maana yake ni kofia ya karatasi ya bati, ile ambayo watu wenye hofu iliyopita kiasi husemwa kuwa huivaa ili mawazo yao yasisomwe kwa mawimbi. Nembo yake ni yule pengwini wa Linux akiwa amevaa kofia hiyo. Lakini ndani ya mzaha mna kazi ya watu makini. Mfumo wote unaenea katika flopi moja, na unatosheka na kompyuta ya aina ya 386 yenye kumbukumbu ya megabaiti 8. Hauhitaji diski ngumu hata kidogo. Kila faili la muda huwekwa ndani ya kumbukumbu ya kupita, tena likiwa limesimbwa, na ukizima mashine kila kitu hupotea.

Ndani yake mna programu ya GnuPG, ambayo kazi yake ni kusimba maandishi, yaani kuyageuza yasisomeke ila kwa mwenye ufunguo. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 1999. Aidha mna vitimbi vingine vya ajabu. Kama unaogopa kwamba mtu ameficha kifaa cha kurekodi kila kitufe unachobonyeza, mfumo hukuonyesha gridi ya herufi, nawe unachagua herufi kwa kuelekeza mahali pake kama anayecheza mchezo wa video. Anayerekodi atapata orodha ya mahali, hatapata neno lako. Kama unaogopa mtu anayechungulia begani, unaweza kuyafifisha maandishi hata yakakaribia kufanana na rangi ya uso wenyewe; mimi nilijaribu, na kwa macho yangu haya nikashindwa kusoma nilichokuwa nimeandika mwenyewe. Na ukichagua daraja ya hofu ya juu kabisa, mfumo husimba maandishi ya uongo bila kukoma huku nyuma, ili anayepima umeme wa mashine asijue ni lini unasimba la kweli. Nilipomweleza bibi hayo, aliweka kikombe chini. "Na hiyo mashine, mwanangu, yenyewe haina mato?"

Swali la bibi nilikaa nalo siku nyingi.

Tuje kwenye mashine. Maabara yetu ina kompyuta mpya zinazotosha, lakini hizo zimefungwa kwa nywila za shule na hazifai kuchezewa. Pembeni pana kuukuu mbili zilizoletwa zamani na wafadhili, za aina ya Pentium III, zenye kumbukumbu ya megabaiti 128. Moja hutumiwa kuegemeza mlango. Ya pili ndiyo tuliyopewa. Ina mwanya wa flopi, na juu ya mwanya kibandiko kinachosema kwa kalamu nyekundu: MBOVU.

Wasiowahi kuiona flopi nawaeleza. Ni kijaluba cha plastiki cha mraba, kipana cha inchi tatu na nusu, ndani yake mna duara laini lililopakwa madini ya sumaku. Hubeba baiti 1,474,560, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo haienei. Kampuni ya Sony iliacha kuziuza Japani mnamo Machi 2011, na serikali ya Japani yenyewe ilichelewa hadi 2024 kuziondoa flopi katika kanuni zake za kupokea nyaraka. Sisi huku hatukungoja tangazo la mtu. Kiendeshi cha flopi kina kichwa kinachogusa ule ukanda, na reli ndogo ambayo kichwa hutelezea. Hewa ya Lamu ni chumvi na unyevu. Ukilisahau kisu jikoni wakati wa kusi, unakikuta chekundu. Sembuse reli nyembamba kama sindano isiyotumika miaka kumi. Tulipokifungua kiendeshi kile tulikuta kutu imekiganda kichwa mahali pake kama chaza juu ya jiwe. Nazo flopi tatu za akiba zilizokuwa katika droo zilikuwa zimeota kuvu mweupe.

Hivyo swali likawa hili: mfumo uliotengenezwa uishi katika flopi utaamkaje pasipokuwa na flopi?

Zipo njia, na nitazitaja kwa sababu huenda mmoja wenu akapita huku. Mwalimu alikuwa na taswira ya flopi, yaani faili moja lenye baiti zile zile 1,474,560 kwa mpangilio uleule. Njia ya kwanza ni programu iitwayo MEMDISK. Hiyo huichukua taswira ikaipakia ndani ya kumbukumbu, kisha ikaidanganya kompyuta kuwa pale pana flopi ya kweli. Njia ya pili ni sidii. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa utaratibu uitwao El Torito, unaowezesha sidii kubeba taswira ya flopi ndani yake, na kompyuta inapoamka huisoma taswira hiyo kana kwamba ndiyo kiendeshi A. Njia ya tatu ni kuiendesha taswira ndani ya kompyuta ya kubuni, kwa programu kama QEMU, juu ya mfumo mwingine. Hii ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote, na mwalimu aliikataa papo hapo. "Ukimweka mlinzi ndani ya nyumba ya mwizi," alisema, "anamlinda nani?" Naam, kama mfumo wa chini una macho, wa juu hauna siri.

MEMDISK nayo tulifikiria kuiweka katika diski ngumu, na diski ngumu ndiyo hasa tuliyotaka kuiondoa. Tukachagua sidii. Mwalimu aliichoma kwa kompyuta yake ndogo, akafungua kifuniko cha kuukuu yetu, akachomoa waya wa diski ngumu na kuuning'iniza nje ili kila mtu auone. Tukawasha. Kiendeshi cha sidii kilikohoa, kikanguruma, kikanyamaza. Kisha maandishi meupe yakaanza kushuka. Swahibu yangu, ambaye alikuwa amekuja kwa ajili ya kucheka tu, alipiga kofi moja akasema, "Lo! Imefufuka."

Imefufuka kweli, lakini furaha yetu ilikuwa ya robo saa. Hila ya El Torito, sawa na ile ya MEMDISK, inafanya kazi wakati wa kuamka peke yake. Kompyuta inapoamka huongozwa na bayosi, programu ndogo iliyochongwa ndani ya ubao wake, na bayosi ndiyo inayodanganyika kuwa pana flopi. Kiini cha Linux kikishaingia kazini, hakiiulizi bayosi tena. Kinakwenda chenyewe kukitafuta kifaa kwa mikono yake, na mikono yake ikigusa mwanya wetu inakuta kutu. Kwa hiyo mfumo uliendelea kuishi, kwa kuwa wote ulikuwa umekwisha kupakiwa katika kumbukumbu, lakini ulipofika wakati wa kuhifadhi ufunguo wetu katika flopi, kama ulivyopangwa ufanye, flopi haikuwapo. Na sidii haiandikiki. Ukiunda ufunguo, unaishi mpaka utakapozima mashine, basi.

Mwalimu alileta kiendeshi cha flopi cha kuchomekwa nje, kile cha yuesibii, alichoazima kwa mtu. Mambo yakawa yaleyale. Bayosi ilikiona; kiini chetu kidogo cha 2002 hakikuwa na habari nacho. Flashi vilevile. Tukawa tuna mashine isiyo na intaneti, isiyo na diski, isiyo na flopi, isiyotambua flashi. Kitu hakiingii, kitu hakitoki.

Hapa nataka nitoke kidogo katika maabara, niwapeleke mtaani Mkomani. Nyumba zetu za kale za mawe, zile zilizoufanya mji wa Lamu utiwe katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina ukuta mtupu upande wa njia. Huoni dirisha la kuchungulia. Unakuta daka, mahali pa kukaa wageni wasiopita ndani, kisha mlango, kisha tekani, ambayo haikunyooka na mlango, ili hata mlango ukiwa wazi apitaye njiani aone ukuta peke yake. Misana na ndani ziko mbali kabisa. Na wikio unaovuka juu ya njia uliwawezesha akina mama kwenda nyumba ya pili bila kushuka mtaani. Wajenzi wale hawakuwa na kitu cha aibu cha kuficha. Walijua tu kwamba mambo ya nyumba yana sitara yake. Nilipowaza hivyo nikaona kuwa mashine yetu imekuwa nyumba ya namna hiyo, tena imezidi: imekuwa nyumba isiyo na kidaka hata kimoja. Hakuna pa kuweka kitu. Jambo tulilokuwa tukililia kwa siku tatu ndilo lililokuwa dawa ya jambo lililompata baba mdogo.

Ilibaki kujua namna ya kuishi humo. Mambo yalikuwa mawili, ufunguo na barua.

Ufunguo ulipata jibu kwanza. GnuPG inajua kusimba kwa namna mbili. Ya kwanza inataka jozi ya funguo, mmoja wa umma na mmoja wa siri, nazo ni mafaili yanayohitaji mahali pa kukaa. Ya pili ni ya kizamani zaidi: neno moja la siri linalojulikana na watu wawili, aandikaye na asomaye. Neno hilo halikai katika faili, linakaa kichwani. Tatizo la namna hii tangu dahari ni moja, kwamba wale wawili ni lazima wakutane kwanza wakubaliane. Na ami alikuwa amekuja Maulidi! Usiku wa kuamkia safari yake, barazani nje ya Riyadha, baba mdogo alikuwa amekwisha kumwambia sikioni maneno sita ya kutumia "pakitokea jambo," kwani mzee yule baada ya simu ya dalali alikuwa akiogopa hata kivuli chake. Maneno hayo si methali. Nasikia waliikataa methali kwa sababu kila mtu anaijua, na wezi wa nywila wana orodha zake. Ni maneno sita yasiyohusiana, na mimi nilibahatika kutoyajua kabisa; baba mdogo aliyaingiza mwenyewe, mimi nikitazama dirishani.

Barua nayo ingetokaje? Hapa mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. "Si mna kalamu?"

GnuPG ukiiomba, hulitoa fumbo kwa herufi za kawaida, A hadi Z kubwa na ndogo, tarakimu, na alama chache, kwa mistari ya herufi 64. Baba mdogo alikuja shuleni Jumamosi moja mwanzoni mwa 2024, akakaa mbele ya mashine, akaandika barua yake kwa vidole viwili. Yaliyomo siyasemi. Barua ilikuwa fupi, na programu huibana kwanza kabla ya kuisimba, kwa hivyo fumbo lake likawa mistari 11, lote likionekana katika uso wa kompyuta kwa mara moja. Karibu herufi 700. Swahibu yangu akasoma, nikaandika katika karatasi ya miraba ya hisabati, herufi moja kila mraba. Tulikubaliana sheria: sifuri tunaikata kwa mstari, herufi kubwa zinapigiwa mstari chini, na herufi ya l ndogo inapewa mkia. Kazi hiyo ilichukua saa nzima na dakika zake. Kisha tukabadilishana, nikasoma mimi akahakiki yeye. Mwishoni mwa fumbo pana alama ya sawasawa na herufi nne; hizo ni hesabu ya ukaguzi. Herufi moja tu ikikosewa huko juu, hesabu haitaafikiana, ingawa haitakuambia kosa liko mstari gani.

Tulipomaliza tukazima. Mwalimu alitutaka tungoje dakika kadhaa kabla ya kuiwasha tena mashine hiyo kwa kazi nyingine. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kuwa kumbukumbu ya kompyuta haisahau palepale umeme unapokatika. Huchukua sekunde kadhaa, na ikipoozwa kwa baridi kali huchukua dakika. Kwa joto la Lamu sidhani ilikuwa na nafasi kubwa ya kukumbuka, lakini tulingoja, tukala mabuyu.

Karatasi ilipigwa picha kwa simu ile ile ya watoto watano, ikatumwa Muscat kwa WhatsApp, mchana kweupe. Najua mtakayouliza, kwa kuwa swahibu yangu aliuliza zamani: kama mwisho wa yote ni WhatsApp, si mngeandika humo tu? Jumbe zake zimesimbwa mwanzo hadi mwisho tangu 2016! Ni kweli, na mimi siidharau kazi hiyo. Lakini usimbaji huo unailinda barua njiani. Barua ikifika mwisho wa njia inafunguka, inakaa wazi katika simu ya aliyetuma na ya aliyepokea, na simu yetu ni mali ya nyumba nzima. Dalali hakuipata siri ya baba mdogo njiani, aliipata ilipoanzia. Picha ya karatasi yetu waliiona watoto wote watano, mkubwa wao akaniuliza kama ni homuweki.

Sheria ziko, msidhani hakuna. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja waziwazi habari za familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini mnamo Novemba 2019, na ndani yake anayeshika habari za mtu ana wajibu wa kuzilinda. Wakili alimweleza baba mdogo kwamba angeweza kulalamika. Yeye alisema ana umri wa kutosha kujua kuwa kesi haimfunzi dalali kusahau nambari.

Nisiwadanganye nikawafanya mdhani kuwa mfumo huu wa 2002 ndio wa kutumiwa leo. Mradi wenyewe watengenezaji wake waliuweka pembeni; kufikia 2013 haukuwa tena katika mambo yao ya mbele. Programu zake zina umri mkubwa kuliko sisi, na makosa yaliyogunduliwa baadaye hayakurekebishwa humo. Mwenye kompyuta ya kisasa na haja ya kweli atumie Tails, ambayo ilianza mwaka 2009, huishi katika flashi, nayo husahau kila kitu izimwapo isipokuwa ulichokiambia ikihifadhi. Hiyo ndiyo iliyotumiwa na Edward Snowden mwaka 2013. Sisi tungeitumia kama ingeikubali Pentium yetu, lakini Tails inataka mashine ya leo na kumbukumbu iliyoshiba. Kilichotuokoa ni kwamba ile ya zamani ilikuwa ndogo, na haikuwa na mtandao wa kuwaletea watu makosa yake.

Ama kuhusu Muscat, mambo hayakwenda kwa mpigo mmoja. Kijana wa ami ndiye aliyekaa kuandika herufi zile katika kompyuta yao. Mara ya kwanza hesabu ya ukaguzi ilikataa. Akaanza upya, ikakataa. Zikapita siku mbili za kutumiana ujumbe wa mstari wa tatu na mstari wa tisa, mpaka akagundua kwamba alama ya mkwaju aliisoma kuwa l yenye mkia. Ilipoafikiana hesabu, programu yake mpya ikaleta kiburi kingine: ilisema barua imefunguka lakini haina lakiri ya kuthibitisha kuwa haikuchezewa, basi haitoi kitu. Ndiyo kanuni ya GnuPG tangu 2018, na ni kanuni nzuri, kwani barua za zamani za namna yetu hazikuwa na lakiri hiyo. Ilibidi aiamrishe kwa ruhusa maalumu. Ndipo ami akayaingiza maneno sita, akasoma.

Jibu lake lilikuja kwa njia ileile, mistari mitano, na mara hii sisi ndio tuliochapa na hesabu ikatukataa mara moja tu. Baba mdogo alisoma peke yake, akatikisa kichwa, akaizima mashine kwa mkono wake.

Dalali alipiga tena mwezi wa Machi, akitoa bei mpya. Safari hii hakuwa na habari yoyote ya kikao. Karatasi ya miraba tulitaka kuichoma, lakini bibi alikataa. Alisema maandishi kama hayo hayachomwi ovyo, mtu hajui yana nini. Ameikunja mara nne, ameitia katika kijaluba cha hina, na kijaluba amekiweka kidakani, katika safu ya juu kabisa, na akija mgeni akiuliza, humwambia ni hirizi ya shamba.